Konokono Asiyetaka Kujifunza

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha idara. Mkuu wa idara katangaza kwa sauti yake ile ya kuzindua madaraja: Jumanne ijayo anakuja mgeni, profesa mzima, kutoka kamati ya mkutano mkubwa wa sayansi ya neva. Atachagua kazi moja ya idara yetu iende mkutanoni. Moja tu! Mwenye kazi hiyo atasimama mbele ya wataalamu wa dunia. Ambaye hatachaguliwa, Mkuu akaongeza huku akiitazama dari, huenda akaombwa kuachia chumba chake, maana matangi yanahitaji nafasi.

Wote wakanigeukia. Mimi nikaitazama sahani ya biskuti.

Mwenye matangi ni jirani yangu wa mlango wa pili. Namwita Bibi Matangi, ila si mbele yake. Anafuga konokono wa baharini, wale wasio na gamba, wanono, wakubwa kama kiatu cha mtoto. Kawalea tangu wakiwa mayai. Kazi yake ni kuwagusa kwa brashi na kuandika wamefanya nini. Kugusa, kuandika. Kugusa, kuandika. Hiyo nayo ni sayansi!

Konokono wangu mimi yuko ndani ya kompyuta. Hali, hanuki, habadilishiwi maji. Nimempa jina Shujaa. Ana neva chache tu: ya ngozi, ya kunusa, ya mkia, na moja ya kukunja shavu lake la kupumulia. Kati ya neva na neva nimeweka sinapsi, yaani kile kijinafasi ambamo neva moja huinong'oneza nyingine. Kujifunza kote, kwa konokono na kwa binadamu, ni minong'ono hiyo kukua au kufifia. Basi. Nimeliamini jambo hili tangu ujanani na nitalithibitisha, hata kama idara nzima itabaki inatazama dari.

Kuna tatizo dogo. Shujaa hajifunzi.

Jumanne, 4 Machi

Siku nzima na Shujaa. Asubuhi nilimwekea kanuni kwamba kila sinapsi inayofanya kazi iongezeke nguvu. Ikaongezeka. Ikaongezeka tena. Kufika saa nne minong'ono imekuwa makelele, Shujaa kajikunja kama ngumi na hataki kufunguka, hata nisipomgusa. Nikapindua kanuni: kila sinapsi inayofanya kazi ipungue. Mchana akawa amekufa. Nikimgusa, kimya. Nikimpiga shoti ya mkia, kimya. Nilimwita hata kwa jina.

Kinachonikosesha ushindi ni takwimu. Sijui konokono wa kweli hupunguza kwa kasi gani, wala hurudi lini. Bibi Matangi anajua. Takwimu zimemjaa kabatini.

Nyumbani shingo imekaza kama mlango wa chuma. Mke wangu akanipaka dawa ya kuchua, ile inayonukia hadi kwa jirani, akisema nimekaa mbele ya mashine mpaka nimeanza kufanana nayo. Akauliza kwa nini nisimwombe tu yule mama hizo takwimu. Nikamweleza kwamba jemadari haombi ramani kwa adui. Akasema basi jemadari apotee, chakula kipo mezani.

Hajui vita.

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Rahisi, safi, hauna madhara kwa kiumbe yeyote.

Bibi Matangi hufundisha kuanzia saa nne hadi mchana. Ufunguo wa akiba wa chumba cha matangi uko kwa karani, ndani ya kikombe cha kalamu. Nikamwendea karani nikiwa nimekunja uso, nikamwambia nasikia harufu ya waya kuungua kule. Karani akanusa hewa. Akasema harufu anayoisikia yeye ni ya dawa ya kuchua. Nikasema hiyo pia ipo. Akanipa ufunguo huku akinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Sasa niandike ukweli, maana hiki ni kitabu changu na hakuna anayekisoma: sijawahi kumgusa konokono wa kweli. Miaka yote hii! Nilichukua brashi laini nikamgusa wa kwanza kwenye mrija wake wa kutolea maji. Akanywea! Shavu zima likazama ndani kama mtu aliyekumbuka kitu cha aibu. Likarudi polepole. Nikamgusa tena. Akanywea, ila kidogo. Tena. Kidogo zaidi. Mwishowe nikamgusa na yeye akaendelea na mambo yake, kana kwamba mimi ni mgeni anayepiga hodi kila siku bila shida ya maana.

Nilisimama pale nikiwa na brashi mkononi. Ile sinapsi niliyoichora nikiwa mwanafunzi ilikuwa inafifia mbele ya macho yangu.

Kisha nikajikaza, nikaenda kwa wa pili. Na wa tatu. Nikawapitia wote.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi. Safari hii nilimwambia karani nimesahau mwavuli kule. Akachungulia dirishani. Jua kali. Akanipa ufunguo bila neno.

Jambo la ajabu: konokono wa jana wananikumbuka! Yaani wanakumbuka kwamba brashi si kitu. Waliacha kunywea upesi zaidi kuliko jana. Nikawapitia tena wote, raundi baada ya raundi, nikiandika mpaka mkono ukafa ganzi. Wengine kufika mwisho hawakutikisika kabisa.

Takwimu ninazo! Mchana nimemtilia Shujaa kanuni ya kuzoea. Nikamgusa, akanywea. Tena, kidogo. Tena, kimya. Nikampumzisha, akarudi. Nikapiga meza kwa furaha hadi Mkuu akaja kuuliza kama kuna kabati limeanguka.

Kilichobaki ni kumfundisha woga, na kisha kuhusisha jambo na jambo. Mteremko mtupu.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa.

Asubuhi nilimkuta Bibi Matangi kwenye chumba chake, mlango wazi, kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hana kelele zake. Nikauliza kulikoni. Akasema konokono wake wanakufa. Hawasikii brashi. Anawagusa na wao wanatulia tu. Kapima chumvi, kapima joto, kabadilisha maji ya matangi yote tangu alfajiri, na mikono yake ilikuwa imekunjamana kama ya mfua nguo.

Nikachungulia. Konokono walikuwa wazima kabisa. Wanatafuna mwani kwa raha zao. Hawakuwa wagonjwa hata chembe. Walikuwa wamezoea brashi. Wamehitimu!

Akaniambia, bila kunitazama, kwamba amewatoa kwenye mayai, na kwamba wa pembeni, mwenye doa mgongoni, alizaliwa siku aliyomzika mama yake. Jumanne hatakuwa na cha kumwonyesha mgeni. Ameshamwambia Mkuu afute jina lake.

Adui ameanguka bila risasi! Nilitakiwa nifurahi. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa ili nifurahi. Nikangoja. Furaha haikuja. Badala yake nikawa namwona juu ya ile ndoo.

Ningeweza kwenda kumwambia. Milango miwili tu. Nilifika hata kwenye mlango wake mkono ukiwa juu tayari kubisha. Kisha nikawaza: kwa nini kumuumiza mwenzangu kwa maelezo marefu wakati naweza kuwaponya kimyakimya? Mtaalamu wa kujifunza ni nani hapa? Konokono aliyezoea akipata mshtuko mkiani, minong'ono yake yote hupanda tena. Kila mwanafunzi anajua. Nimeamua: nitawaamsha.

Alasiri Bibi Matangi akaenda kuchukua chumvi ghalani. Nikaomba ufunguo. Karani hakuuliza hata sababu, alinisogezea kikombe kizima.

Shingo ilikuwa inanisumbua, nilikuwa nimetoka kujipaka dawa dakika ile ile, lakini vita havingoji shingo. Nikazamisha mkono, nikamshika wa kwanza kwa upole, nikamgusisha mkiani chombo cha umeme mdogo nilichokikuta mezani kwa Bibi Matangi. Akajikunja mwili mzima! Mkono, mshtuko. Wa pili: mkono, mshtuko. Nikawazungukia wote, kisha nikawarudia kwa usalama zaidi. Mwenye doa alinitemea wino wa zambarau hadi kwenye kiwiko. Nikamwomba radhi. Kwa sauti. Hakuna aliyesikia.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu kaona shati. Kauliza hiyo zambarau ni nini. Nikasema kalamu imevuja. Akasema kalamu hiyo inanuka samaki. Nikasema ni kalamu ya baharini.

Hatujazungumza tena leo.

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi wa kimyakimya! Bibi Matangi kapita ukumbini karibu anakimbia. Konokono wamezinduka! Anawagusa kwa brashi na wananywea kama zamani, si sana, si kidogo. Kamkumbatia karani. Kamwambia Mkuu arudishe jina lake. Hata mimi kanipa biskuti, akasema bila shaka ilikuwa ile chumvi ya zamani. Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye maoni ya kina kuhusu chumvi.

Karani alikuwa ananitazama muda wote. Nikaila biskuti taratibu.

Kwa hiyo kesho tunapambana kwa haki, yeye na wake, mimi na Shujaa. Ndivyo ninavyopenda.

Bahati mbaya Shujaa kaharibika. Nimemwekea mshtuko wa mkia kama ule wa kweli, na mshtuko unapandisha sinapsi zake zote mara moja. Sasa anaogopa kila kitu. Brashi, anaogopa. Harufu, anaogopa. Nimemwekea kanuni mpya, akaogopa na hiyo. Kamati inataka kuona konokono anayejifunza kuogopa jambo moja kwa sababu linatangulia maumivu, na kuyaacha mengine. Wangu hatofautishi. Nimehangaika hadi jioni.

Sikati tamaa. Mtu mwenye nia hakosi njia ya nyuma. Nimetengeneza Shujaa wa maonyesho. Huyu hahitaji neva. Ni picha zilizopangwa: anaguswa, ananywea, anaguswa, anazoea, anapigwa shoti, anaogopa harufu peke yake. Vizuri mno! Kila kitu kwa zamu yake, kama saa ya ukutani. Si uongo. Ni ukweli ambao bado haujatokea.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya mgeni. Naandika haya nimejifungia.

Mgeni ni mzee mfupi mwenye miwani inayoteleza puani, mpole, anayesema asante kwa kila kitu. Wakaanzia kwangu. Mkuu alisimama nyuma yake kama pazia. Nikaeleza Shujaa ni nani, nikabonyeza, Shujaa akanywea. Nikabonyeza, akazoea. Mgeni akasema asante. Akauliza kama anaweza kubonyeza mwenyewe. Nikasema bila shaka. Akanyoosha kidole, halafu akakirudisha. Akasema kwanza angependa kumtazama konokono akiwa ametulia, bila kuguswa na mtu.

Tukatulia.

Shujaa akanywea.

Mgeni akasukuma miwani. Tukaendelea kutulia. Shujaa akazoea. Akapigwa shoti na hewa. Akajifunza kuogopa harufu ambayo hakuna aliyeitoa. Akamaliza somo lote peke yake mbele yetu, akaanza upya.

"Samahani," mgeni akauliza kwa upole ule ule, "nani anayemgusa?"

Nikasema ana mawazo mengi.

Mkuu akakohoa. Mgeni akasema asante. Nilitamani anitukane. Wakatoka kwenda mlango wa pili, na mimi, badala ya kubaki nikafie mezani, nikawafuata. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuona angalau wale niliowaponya.

Bibi Matangi alikuwa mzuri, sina budi kuandika. Alizungumza kuhusu konokono wake bila madaha, mikono mifukoni, na wao wakanywea na kuzoea kama walivyofunzwa. Mgeni kainama juu ya tangi kama mtoto. Ndipo Bibi Matangi akaomba mtu amshikie mwenye doa ili mgeni aone shavu vizuri. Mkuu akatazama mkono wake wa shati jeupe. Nikajitokeza. Niwe na faida japo moja leo! Shingo nilikuwa nimeipaka dawa asubuhi, mkono nikautia majini.

Sikuwa hata nimemgusa. Mwenye doa akajikunja akawa mpira. Akatoa wino. Aliye karibu naye akatoa wino. Tangi zima likawa zambarau, na mmoja aliye juu juu akarusha moja kwa moja kwenye shati jeupe la Mkuu.

Matone tu.

Bibi Matangi akanitazama, akatazama maji. Akasema nitoe mkono. Nikautoa. Akatuongoza kwenye tangi la pili ambalo maji yake bado safi. Akamwomba mgeni atie mkono. Mgeni akapandisha shati, akatia. Konokono wakamsogelea kumchunguza, hawana habari. Akamwomba Mkuu. Mkuu akatia vidole viwili. Hawana habari.

"Haya, sasa wewe, kaka," akaniambia.

"Mimi shingo yangu..."

"Tia mkono."

Nikatia. Wino.

"Wanamjua," mgeni akasema. Miwani ilikuwa imemfika mdomoni.

"Wanamjua," Bibi Matangi akasema. Akaukamata mkono wangu, akaunusa. Akaenda kwenye pipa, akaunawisha kwa sabuni mwenyewe, kwa nguvu, kama unavyomnawisha mtoto aliyetoka kucheza. Akaurudisha majini. Konokono wakatulia. Akapaka tone la ile dawa kwenye kijiti, akakitia majini. Wino.

Akageuka. "Umewafanya nini wanangu?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari. Moja lilikuwa linahusu mwavuli. Lakini alikuwa karibu sana na macho yake yalikuwa mekundu, nikasikia mdomo wangu ukisema kweli: brashi Jumatano, brashi Alhamisi, wakazoea, Ijumaa nikawatia mkono, nikawapiga mshtuko ili kuwaamsha. Kwa nia njema, nikamalizia.

Alinyanyua ile ndoo. Mkuu akasogea nyuma. Bibi Matangi akaipindua, akaikalia.

"Mimi nilikaa hapa hapa," akasema, "nikiwalilia. Na wewe ukasimama mlangoni ukaniuliza kulikoni."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta wino sakafuni.

Mgeni akauliza kama ni kweli dawa ilikuwa mkononi kila mara kabla ya mshtuko. Nikasema ndiyo. Kabla, si baada? Kabla. Na brashi je, siku ya mshtuko niliitumia? Sikuitumia. Akaanza kutembea huku na huku kwenye maji yaliyomwagika. Akasema basi woga wa jumla umeisha kwa siku hizi tatu nne, kilichobaki ni ule wa harufu iliyotangulia maumivu, harufu moja, ya mtu mmoja. Akasema hajawahi kuona konokono wakimtaja mhalifu. Alikuwa anacheka. Peke yake.

Mkuu kaniambia nimsubiri kesho ofisini. Katembea hadi kwenye gari na doa kubwa la zambarau kifuani, akiwapungia watu.

Jumatano, 12 Machi

Uamuzi. Kazi inayokwenda mkutanoni ni ya Bibi Matangi. Chumba changu kinagawanywa nusu kwa nusu, na nusu yenye dirisha ni ya matangi. Mkuu alisema pia maneno mengine ambayo siyaandiki kwa heshima ya karatasi.

Niliporudi nilimkuta Bibi Matangi anapima ukuta wangu kwa kamba. Nikajitayarisha kwa ndoo. Lakini aliongea kwa sauti ya kazi, ya kukauka. Alisema hajanisamehe na asiulizwe lini. Ila usiku hakulala vizuri kwa sababu ya swali moja. Mshtuko uliwapata mwili mzima. Kwa nini uipandishe sinapsi ya harufu kuliko ya brashi? Nani aliuambia mshtuko uchague ipi?

Nikasema kwangu hauchagui, unapandisha zote, ndiyo maana Shujaa ni mwoga wa kila kitu.

Akasema hilo ameliona tangu jana, hata kipofu angeliona. Akauliza: na kama mshtuko unaipandisha zaidi ile sinapsi iliyokuwa kazini muda huo huo? Ile iliyotoka kunong'ona? Ya brashi ilikuwa imekaa kimya, ikaambulia kidogo tu kisha ikasahau. Ya harufu ilikuwa katikati ya maneno.

Nikabaki mdomo wazi. Nilikuwa nimeketi juu ya mashine hiyo muda wote huu na sikuwahi kuipa saa! Shujaa wangu hakujua kabla wala baada. Kwake mambo yote yalikuwa ya wakati mmoja.

Nikavuta kiti. Akavuta ndoo.

Ijumaa, 14 Machi

Amejifunza!

Siku mbili tumekaa, mimi kwenye kompyuta, yeye pembeni akinisomea takwimu zake, zile za kabatini, zote, alizileta mwenyewe kwenye kapu. Nilikuwa nikizitamani kama mwizi, na zilikuwa zinaombwa tu. Sinapsi inayotoka kunong'ona huachiwa alama ndogo inayofifia haraka. Mshtuko ukiikuta alama bado ipo, unaipandisha. Usipoikuta, unapita. Ni kanuni ya mstari mmoja.

Leo asubuhi tukampa Shujaa harufu, kisha mshtuko. Harufu, mshtuko. Tukampumzisha. Nikamgusa kwa brashi: akanywea kidogo, kama muungwana. Bibi Matangi akasema sasa harufu. Nikabonyeza. Shujaa akajikunja akawa mpira.

Tukageuza: mshtuko kwanza, harufu baadaye. Hakujifunza kitu. Sawasawa na wa kweli!

Hakuna aliyepiga kelele. Bibi Matangi aliegemea kiti changu, akasema, "Mwone huyo." Hivyo tu. Nikageuka dirishani kwake, nikajifanya natafuta kitu nje. Macho yalikuwa yanawasha. Ni ile dawa, nilipitisha mkono.

Mchana alikwenda kwa Mkuu. Amerudi akasema mgeni ameandika: anataka konokono na kompyuta pamoja, jukwaa moja. Yeye ataongea. Mimi nitabonyeza. Kuna sharti moja, kalisema mara mbili huku ameninyooshea brashi: nisiingie kwenye chumba cha matangi bila yeye. Kamwe. Hata kukiwaka moto nimwite kwanza.

Nikaapa. Nilimaanisha kila neno.

Nilipomsimulia mke wangu, alinisikiliza hadi mwisho huku anakata kitunguu. Akauliza kwa hiyo konokono wasio na ubongo wa maana wamejifunza nisikaribiwe. Nikasema kisayansi, ndiyo. Akasema yeye ilimchukua muda mrefu zaidi. Kisha akanipaka dawa.

Jumapili, 16 Machi

Nimekuwa na utulivu wa kufikiri. Wiki hii imenipa somo kubwa, na mtu mzima hukubali anapofunzwa.

Nimejichunguza kwa ukali. Kosa lilikuwa wapi? Nimepitia hatua zote. Mpango ulikuwa mzuri. Muda ulikuwa mzuri. Kilichoniangusha ni harufu. Mkono mtupu! Mtaalamu mzima anatia mkono mtupu kwenye maji ya kiumbe anayenusa!

Sasa, kuna swali ambalo wataalamu watatuuliza jukwaani, naliona linakuja: kumbukumbu hii inadumu kwa muda gani? Bibi Matangi anasema tungoje, atawapima mwenyewe mwezi ujao kwa utaratibu wake. Mwezi! Shujaa hawezi kungoja mwezi. Namba moja tu ndiyo inayokosekana. Kuichukua ni jambo la dakika chache, naye kesho saa nne anafundisha. Ikipatikana nitamletea mezani kama zawadi, na najua atafurahi, kwa sababu sasa tunaelewana.

Kiapo nimekitazama kwa makini. Kilihusu kuingia chumbani. Lakini tangu jana mafundi wavunje ukuta kati yetu, nusu ya chumba cha matangi ni chumba changu. Mtu haingii mahali alipo tayari.

Nimenunua glovu. Ndefu, za mpira, hadi kwenye kiwiko. Nimezinusa mara kadhaa: hazina harufu ya mtu yeyote. Mke wangu kauliza ni za nini. Nikasema za kuoshea vyombo. Kanipa masufuria yote ya nyumba.

Nimeyaosha. Zinafanya kazi vizuri sana.

Kesho hawatanijua.